Kaske ya bei kubwa haiombi kila mara ampli ya bei kubwa

Mufikirie kijana ambaye anachanganya nyimbo katika studio moja ndogo ya Bukavu. Kwa miezi mingi ameweka feza pembeni, na mwishowe ndugu yake anayeishi Ubelgiji amemutumia kaske ya Sennheiser HD 600, ile ambayo watu wa studio na wapenzi wa muziki wanaijua tangu mwaka 1997. Anaichomeka kwenye telefone. Sauti inatoka safi, lakini chini kuliko ile ya ekuta zake za dola tano. Anauliza wakubwa wa kazi, na jibu halikawii: « Mudogo, kaske ya vile bila ampli na kigeuzi vya maana ni motokari bila mafuta. Tafuta dola zingine 400. »

Shauri hilo linatolewa kwa roho safi, na limesemwa mara mingi mupaka limekuwa kama sheria. Wengine wanaliweka hata kwa hesabu: feza uliyotoa kwa kaske, utoe ingine sawa na ile kwa boksi za kuisukuma. Kwa kijana wa studio, dola 400 si mchezo. Ni mikro ya pili, ao batri na mashine ya kutunza umeme wakati wa kukatika, ao malipo ya wapiga gitaa kwa nyimbo kadhaa. Kabla ya kuzitoa, ingefaa mutu afanye hesabu ya dakika tano. Mara mingi hesabu ile inaonyesha kwamba kitu kinachotosha kiko tayari juu ya meza, ao kinauzwa kwa bei ya chakula cha siku mbili.

Muziki ulio ndani ya telefone ao ordinatere ni namba tu. Kigeuzi, kile ambacho wauzaji wanaandika DAC kwenye boksi, kinageuza namba zile kuwa umeme mudogo unaopanda na kushuka sawa na sauti. Ampli inachukua umeme ule na kuupa nguvu ya kusukuma utando ulio ndani ya kaske. Kila telefone inayotoa sauti iko na vyote viwili. Hata ule waya mufupi ambao watu wanachomeka kwenye telefone isiyo na tundu la kaske, uko na kigeuzi na ampli ndani ya kichwa chake kidogo. Kaske ya Bluetooth nayo inabeba vyake ndani yake. Mutu anayesikiliza kwa Bluetooth na ananunua kigeuzi cha mezani kwa ajili ya kaske ile, amenunua pambo la meza.

Kigeuzi ndicho kinakula feza bila sababu kuliko kitu kingine chochote katika mambo haya, kwa hiyo inafaa kuanza nacho.

Zamani woga ulikuwa na msingi. Wakati Philips na Sony walileta CD mwaka 1982, kugeuza namba kuwa sauti ilikuwa kazi ngumu kweli. Mashine za kwanza za Philips zilitumia vigeuzi vya biti 14, na wahandisi wake wakatumia ujanja wa kuongeza hesabu mara nne ili wafikie ubora wa biti 16 ulioandikwa kwenye CD yenyewe. Katika miaka ile, mashine mbili zingeweza kutoa sauti mbili tofauti, na mutu mwenye sikio zuri hakuwa anajidanganya akisema anasikia tofauti. Lakini miaka zaidi ya 40 imepita. Kazi ambayo iliomba sahani nzima ya vipande vya umeme, leo inafanywa na kipande kimoja kidogo kuliko ukucha, na kipande kile kinauzwa kwa feza kidogo sana.

Mufano unaojulikana zaidi ni ule waya mufupi wa Apple wa kuchomeka kaske kwenye tundu la USB-C, uliotoka mwaka 2018 kwa bei ya dola 9. Amir Majidimehr, muhandisi aliyefanya kazi zamani kwa Microsoft na ambaye sasa anapima vyombo vya sauti na kutangaza matokeo bila kuficha, aliupima. Makelele na makosa ya waya ule yalikuwa karibu desibeli 99 chini ya sauti yenyewe. CD ya biti 16 inafika karibu desibeli 96. Maana yake, waya wa dola 9 unatoa karibu kila kitu kilichoandikwa ndani ya CD.

Wengine watasema desibeli 99 ni kidogo, juu kuko vigeuzi vinavyopita 120. Ni kweli, viko, na vingine havipiti dola 200. Lakini namba zile inafaa kuzilinganisha na sikio. Tuseme sauti kubwa ya wimbo inafika desibeli 97 kwenye sikio, sauti ambayo mutu hawezi kuvumilia muda murefu. Makelele ya waya wa dola 9 yatakuwa desibeli 2 chini ya sufuri, mahali ambapo sikio la binadamu halisikii kitu. Chumba chenye kimya cha usiku kiko na makelele ya desibeli 30 hivi. Katika Goma ao Uvira, na pikipiki za barabarani na groupe ya jirani inayonguruma, nani atasikia kitu kilicho chini ya sufuri?

Kuna watu waliofanya majaribio juu ya jambo hili. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walitangaza katika gazeti la chama cha wahandisi wa sauti, Audio Engineering Society, jaribio ambamo wasikilizaji walisikiliza rekodi za ubora wa juu kuliko CD. Wakati mungine sauti ilipita moja kwa moja, wakati mungine ilipitishwa kwanza katika kifaa kilichoishusha mupaka ubora wa CD. Katika majaribio 554, majibu ya kweli yalikuwa 276. Hiyo ni asilimia 49.8, sawa na kurusha sarafu juu. Inafaa kusema pia upande mungine: mwaka 2016 Joshua Reiss wa London alikusanya majaribio 18 ya namna hiyo, na akapata majibu ya kweli asilimia 52.3. Kwa hesabu ya majaribio elfu nyingi, tofauti ile si bahati tu. Basi inawezekana kuko kitu kidogo kinachosikika. Lakini asilimia 52 inaonyesha ukubwa wa kitu chenyewe: mutu anakisia karibu sawa na asiyesikia. Wauzaji hawaandike hivyo kwenye matangazo. Wanaandika kwamba utando umeondolewa mbele ya muimbaji.

Kuna jambo lingine ambalo wapenzi wa rumba inafaa walifikirie. UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika urizi wa dunia mwezi wa 12 mwaka 2021, na tangu siku ile vijana wengi wanatafuta nyimbo za zamani. Nyimbo za studio ya Ngoma, iliyofunguliwa Léopoldville mwaka 1948, na zile za Opika na Loningisa zilizofuata, zilitoka kwenye sahani nzito za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Makelele ya sindano juu ya sahani ile yako juu sana kuliko makelele ya kigeuzi chochote kinachouzwa leo. Kigeuzi cha dola 1,000 kitatoa makelele yale yale ya sindano, kwa uaminifu ule ule wa kigeuzi cha dola 9. Kinachobadilisha nyimbo zile ni kazi ya mutu aliyesafisha sahani na kuirekodi upya. Mwenye kutaka kusikia magitaa ya zamani muzuri, atafute rekodi iliyofanywa upya na fundi mwenye roho ya kazi, na atasikia tofauti kubwa hata kwenye ekuta za sokoni.

Kwa upande wa ampli, mambo si sawa. Huko kuko sababu za kweli za kutoa feza, lakini si kwa watu wote.

Kila kaske iko na namba mbili zinazohesabika: ukinzani wake, unaopimwa kwa ohm, na sauti inayotoa kwa umeme fulani. HD 600 iko na ohm 300, na kiwanda kinasema inatoa desibeli 97 ikipewa volti 1. Waya wa Apple unatoa karibu volti 1. Basi sauti kubwa kabisa itafika 97. Muziki wa leo, iwe rap ya Goma ao nyimbo za injili zilizosukumwa juu na studio, wastani wake uko karibu desibeli 10 chini ya kilele. Hapo wastani unakuwa 87. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba desibeli 80 mutu anaweza kusikiliza saa 40 kwa juma, lakini 90 ni saa 4 tu kwa juma zima. Kwa muziki wa namna hiyo, waya wa dola 9 uko na nguvu ya kutosha kuharibu masikio ya mutu anayefanya kazi nao kila siku. Hauombi kusaidiwa.

Lakini rekodi ya okestra, kwaya ya kanisa iliyorekodiwa kwa mikro mbili, ao wimbo ambao kijana wa studio hajaumaliza na ambao bado uko chini, wastani wake unaweza kuwa desibeli 20 ao zaidi chini ya kilele. Kwa wale, 97 haitoshi. Ili HD 600 ifike kilele cha 110, kiasi ambacho mafundi wanapenda kuwa nacho kama akiba, inaomba volti 4.5 hivi. Hapo ampli ni lazima, na hakuna ubishi. Ila ampli inayotoa volti 4.5 kwa ohm 300 si kitu cha ajabu. Nguvu yake haifike hata miliwati 70. Tangu mwaka 2012, wakati kampuni ya Schiit ya Kalifornia ilianza kuuza ampli yake ndogo ya Magni kwa dola 99, kazi ile imekuwa ya bei ya chini, na viwanda vya China vimeishusha bei zaidi.

Kuna kisa kimoja cha kukumbuka hapa. Mwaka 2011, muhandisi mumoja aliyejificha chini ya jina la NwAvGuy alichora ampli ya kaske inayoitwa O2 na akatoa michoro yote bure, na vipimo vyake vyote, ili kila fundi aweze kuijenga. Alitaka kuonyesha kwamba ampli safi kabisa inaweza kujengwa kwa vipande vya kawaida na feza kidogo. Wauzaji wengine walimukasirikia. Mwaka 2012 alinyamaza, na mupaka leo jina lake la kweli halijulikani. Lakini ampli yake ilijengwa na inaendelea kujengwa, na kisha yake ilikuwa vigumu kwa muuzaji kuomba dola 1,000 bila kuonyesha vipimo.

Sasa kaske ambazo zinaomba nguvu ya kweli. HiFiMan HE-6 iko na ohm 50 tu, na inatoa desibeli 83.5 ikipewa miliwati 1. Mutu anayeangalia ohm peke yake atafikiri ni rahisi kuliko HD 600, juu 50 ni kidogo kuliko 300. Kosa hilo linafanywa kila siku. Ili ifike 110, HE-6 inaomba karibu miliwati 450. Volti zake ni karibu 4.7, karibu sawa na HD 600, lakini umeme unaopita katika waya ni miliampere 95, wakati HD 600 inatumia 15 tu. Ni mara sita zaidi. Vyombo vidogo vya kuchomeka kwenye telefone mara mingi vinashindwa hapo: volti wanazo, lakini umeme wenyewe unaisha, na sauti inaanza kukwaruza wakati ngoma inapiga kwa nguvu. Susvara ya kiwanda kile kile, iliyotoka mwaka 2017 kwa dola 6,000, iko katika kundi hilo. Mwenye kaske ya namna hiyo anunue ampli yenye nguvu bila kuona haya. Lakini watu wenye HE-6 ao Susvara katika Kivu wanaweza kuhesabika kwa vidole, na shauri linalofaa kwao halipaswi kutolewa kwa kila mwenye kaske nzuri.

Upande mungine kuko ekuta ndogo za kuingiza ndani ya sikio. Nyingi zinatoa sauti kubwa kwa umeme kidogo sana. Ukizichomeka kwenye ampli kubwa ya mezani, kitu cha kwanza utasikia ni shiiii ya makelele ya ampli, na kugusa kidogo kifungo cha sauti kunaweza kuumiza sikio. Kwa ekuta zile, ampli kubwa ni hasara mara mbili.

Jambo la tatu la kuangalia, ambalo wauzaji hawapendi kulitaja, ni ukinzani wa tundu la ampli lenyewe. Zamani kulikuwa kanuni ya kimataifa iliyopendekeza ohm 120 kwenye tundu la kaske, na ampli zingine za zamani bado ziko hivyo. Kaske haina ukinzani mumoja kwa sauti zote. HD 600 inaitwa ya ohm 300, lakini kwa sauti za chini, karibu na hertz 100, inapanda mupaka karibu 500. Ikichomekwa kwenye tundu la ohm 120, besi inapanda karibu desibeli 1 juu ya sauti zingine. Sikio linasikia hiyo. Mutu anasema: « Ampli hii iko na joto, iko na mwili. » Kumbe ni hesabu ya ugawaji wa umeme, na angeweza kupata kitu kile kile bure kwa kupandisha besi kidogo katika programu ya ordinatere yake. Kwa kaske ya ohm 32 ao ekuta, tundu lenye ohm nyingi linaweza kuharibu usawa wa sauti kabisa. Mafundi wengi wanafuata kanuni hii: ukinzani wa tundu usipite sehemu moja ya nane ya ukinzani wa kaske. Kwa kaske ya ohm 32, tundu lisipite ohm 4. Waya wa Apple uko chini ya ohm 1.

Kijana wa Bukavu, aliyeambiwa atafute dola 400, ana kitu kingine ambacho mushauri wake alisahau. Katika studio kuko kadi ya sauti, ile boksi inayoingiza mikro kwenye ordinatere. Ndani yake kuko kigeuzi, na mbele kuko tundu la kaske na ampli yake. Amekuwa nacho miaka yote. Kigeuzi cha kadi za sauti za leo, hata zile za dola 150, kinapita mahitaji ya CD. Tundu lake la kaske linaweza kuwa na ohm nyingi kidogo, lakini kwa HD 600 yenye ohm 300 hilo si shida kubwa. Kitu cha kufanya ni kuichomeka pale, kupandisha sauti, na kusikiliza. Kama sauti inafika bila kukwaruza, kazi imeisha. Kama haifike, anunue ampli pekee, bila kigeuzi, na aitoe umeme kwenye tundu la nyuma la kadi yake.

Mutu anaponunua, umeme wa inchi unahesabika kuliko jina la kipande kilicho ndani. Boksi ingine inauzwa Marekani na chaja ya volti 115. Ukiichomeka kwenye volti 220 za Kongo, inakufa siku ya kwanza, na muuzaji wa kule hatarudisha feza. Katika miji ambamo umeme unapanda na kushuka, ao unatoka kwenye groupe, chombo kinachokula umeme wa USB kutoka kwenye telefone ao ordinatere yenye batri kinaishi muda murefu. Na wakati kaske inatoa mungurumo ao sauti ya nyuki, watu wengi wanafikiri kigeuzi ni kibaya na wanakimbia kununua kingine. Kwanza watoe chaja ya ordinatere na kuiacha ifanye kazi na batri. Mungurumo ukipotea, kosa lilikuwa kwenye umeme wa nyumba, na kigeuzi cha dola 1,000 kingenguruma vile vile.

Juu ya tundu za « balanced » za milimita 4.4, ambazo sasa kila kiwanda kinaweka mbele, kitu cha kusema ni kidogo: mara mingi zinaongeza volti mara mbili. Kama kaske yako inahitaji volti, ni msaada. Kama haihitaji, umelipa waya mupya.

Wengine watajibu kwamba wamesikia tofauti kwa masikio yao wenyewe, na hakuna hesabu itawabadilisha. Hawasemi uongo. Walisikia tofauti, lakini mara mingi ilikuwa tofauti ya kiasi cha sauti. Sikio linapenda kile kinacholia kwa nguvu kidogo zaidi, na tofauti ikiwa chini ya desibeli 1, mutu haiiti « nguvu », anaiita « safi », « wazi », « hai ». Boksi mbili hazina kiasi kimoja cha sauti hata kifungo kikiwa pahali pamoja. Dawa yake si ngumu. Fundi yeyote wa redio ana mashine ya kupima volti. Apige sauti moja isiyobadilika ya hertz 100, apime volti kwenye tundu la boksi ya kwanza na ya pili, na asawazishe mupaka tofauti isipite asilimia 1. Kisha rafiki abadilishe nyuma yake bila kusema kitu, mara 16, akiandika kwenye karatasi. Mutu akipata 12 ao zaidi, kuna sababu ya kuamini masikio yake. Akipata 8 ao 9, aliyempa tofauti ni macho na bei.

Si vibaya kununua boksi nzuri kwa sababu ni nzuri. Ampli ya lampi inayowaka rangi ya machungwa usiku inapendeza, na mutu anayeipenda kwa hiyo hana deni kwa mutu yeyote. Wengine tayari wanashindana upande mungine, wanatupa kigeuzi cha desibeli 115 ili wapate cha 121, kama vile masikio yao yangejua. Hao pia wananunua mapambo, ila mapambo yao ni ya namba. Ubaya unaanza pale mapambo yanaitwa lazima, na kijana mwenye dola 400 peke yake anaambiwa kazi yake haitakuwa ya kweli bila hayo.

Kama feza zile ziko na zinaomba kutumiwa kwa ajili ya kaske, kuko kitu kimoja kinachobadilisha sauti ya HD 600 kuliko kigeuzi chochote: mito yake ya masikio. Ikishatumiwa kila siku, inalala, utando unakaribia sikio, na sauti za chini na za katikati zinabadilika kwa kiasi ambacho mashine inaonyesha wazi. Fundi anayechanganya nyimbo na mito iliyolala anachanganya kwa kaske ingine bila kujua. Mito ya mupya inauzwa, inabadilishwa kwa mukono bila chombo chochote, na inagharimu sehemu ndogo tu ya dola 400.